Bweni Lenye Jina Langu

Jumatano, 3 Oktoba 1984

Wageni wawili wa chuo kikuu cha afya wamekuja shuleni nikiwa na Form Three. Mkuu wa shule akaniita mbele yao kwa jina zima: Dokta Magdaline Nasirumbi. Hapa Gatitu mimi ni Mwalimu wa Bayolojia tu, ama bibi ya Theuri. Wanataka kuliita jengo jipya kwa jina langu, kwa ule utafiti wa homa ya maziwa mabichi niliouongoza zamani. Mwanamke wa kwanza kuongoza utafiti kama huo, walisema.

Jengo. Sikuuliza jengo gani. Moyo ulishajijibu: maabara.

Mume wangu Theuri amefurahi, ati atachinja mbuzi. Mama yake, Mama Kabura, alikuwa anasikiliza kitandani. Tangu apooze upande mmoja maneno yake hutoka polepole. Akauliza kama watanipa na kazi. Theuri akacheka — hapana Mama, wanampa heshima.

Nikamwosha, nikamgeuza, nikamlaza. Niliacha maabara ya Nairobi nije kumtunza. Tulisema ni mwaka mmoja. Sasa ni miaka kumi na mmoja.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya kanisa nilipitia chuoni peke yangu. Jengo lenyewe ni bweni la wasichana. Zuri, ghorofa tatu, rangi bado inanuka.

Maabara iko nyuma yake. Fundi wa huko, kijana wa Machakos anaitwa Kioko, alikuwa anafungua masanduku ya vifaa. Nikamwambia nilifanya kazi hiyo zamani. Akanivutia kiti mbele ya darubini. "Karibu, Mama. Angalia tu."

Niliweka jicho. Vidole vikatafuta skrubu vyenyewe. Mwanga ukafifia, ukakolea, halafu vile vijidudu vikatokea, safi, vimetulia, kana kwamba vilikuwa vinaningoja. Spiriti ikinukia. Kioko alinong'ona kitu kuhusu chai, nami nikazidi kugeuza skrubu.

Nimetamani ile kazi jinsi mtu anavyomtamani mtu.

Nyumbani nilisema ibada ilikuwa ndefu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimemaliza kuandika hotuba. Theuri akaisoma mezani, akifuata mistari kwa kidole. Shukrani kwa chuo, shukrani kwa wakulima wa Naro Moru walioniachia ng'ombe wao niwapime. Akafika mwisho, pale ninapoomba nafasi katika maabara. Kidole kikasimama.

"Na Mama?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Nilidhani umezoea," akasema. Si kwa ubaya.

"Nimezoea. Sijaacha kutaka."

Akakunja karatasi vizuri, akanirudishia. Akasema siku ya shukrani si siku ya kuomba. Halafu akaenda kukama, na haikuwa zamu yake.

Ijumaa, 12 Oktoba

Imepita. Kwaya, hotuba, mgeni wa heshima akachelewa kama kawaida yao. Theuri alimleta Mama kwa kiti cha magurudumu, amemvika kitambaa kipya kichwani. Nikavuta pazia, jina langu likatokea ukutani. Watu wakapiga makofi.

Nilisoma mpaka penye mwisho. Nikamtazama Theuri. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasoma.

"Jina langu mmelipatia mahali pa kukaa. Mimi mwenyewe je? Niko hai, na mikono bado inafanya kazi. Naomba nafasi katika maabara hiyo hapo nyuma."

Wakacheka. Walifikiri ni utani! Makofi yakawa makubwa kuliko yote. Nikasimama pale nikitabasamu, uso ukiniuma.

Wakati wa chai Profesa Muriithi, mkuu wa maabara, akanijia. Yeye hakuwa amecheka. Akasema kwa vile ukame umemaliza ng'ombe, watu wa Naro Moru wanakunywa maziwa kidogo wanayopata bila kuyachemsha, ati yasipungue, na homa imerudi. Sampuli za damu ziko kwa friji, hana mtu wa kuzisoma. Nije siku tatu kwa wiki, shule atazungumza nayo yeye.

"Njoo Jumatatu asubuhi," akasema.

Theuri alikuwa nyuma yangu na vikombe viwili. Alisikia.

Jumamosi, 13 Oktoba

Theuri ameongea na jirani yetu Watiri. Anakubali kuja kumtunza Mama hizo siku. Theuri kama mtoto wa kiume hawezi kumwosha mama yake, kwao ni mwiko, na hata mimi nisingemwomba.

Nilimweleza Mama mwenyewe, nikimkanda mguu. Nilidhani atanibariki — si yeye aliyeuliza juu ya kazi? Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Watiri ako na haraka," akasema. "Wewe ndio unajua mguu yangu."

Nikaendelea kukanda. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Manyunyu tangu alfajiri, ya kwanza tangu sijui lini. Nimevaa. Koti jeupe liko kwa mfuko, nimelipiga pasi jana. Naandika nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni.

Watiri ameshafika. Nasikia maji yakimiminwa kwenye beseni chumba cha pili. Mama anauliza huyu ni nani. Watiri anamweleza kwa upole, kwa lugha yao. Mama anauliza Magdaline ako wapi.

Anauliza tena.

Theuri amekuja mlangoni. Hajaniambia niende kwa Mama, hajaniambia niende kazini. Ameshika mwavuli wangu. Hanipi, na hauweki chini.

Mama ananiita.