Njaa ya Tangi la Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepewa mtu wa kufundisha kwenye matangi ya mwani kiwandani. Dative, Mkongo wa Uvira, miaka kumi na mbili kambi ya wakimbizi, sasa anakaa mtaa wa Acocks Green. Anashangaa kila kitu! Nimemweleza mara tatu: mwani ukiwa kijani hauna faida. Tunaunyima mbolea, tunauwashia taa kali, ndipo unatoa ile rangi nyekundu ya kutia kwenye vidonge vya ngozi. Akauliza unanyimwa siku ngapi. Kumi. Akapapasa kioo cha tangi kama paji la mtoto mwenye homa. Yaani mwani!

Jumatano, 5 Novemba

Bosi Rupesh kaja na mnunuzi. Hajui hata valvu ya maji iko upande gani, ila suti — maridadi. Kasema tangi la tatu likiiva vizuri ananiajiri moja kwa moja. Miezi kumi na moja ya mikataba ya wiki wiki kiwandani hapa Tyseley! Dative anayasalimia matangi kila asubuhi. Kichekesho.

Jumatatu, 10 Novemba

Wekundu umeanza. Kazi yangu hiyo, si ya mwingine.

Alhamisi, 13 Novemba

Kijani! Tangi la tatu limerudi kijani. Nimepima maji: mbolea tele. Rupesh kafoka mpaka mate yakamtoka. Anataka jina la aliyeitia kesho kabla ya saa nane, la sivyo ni langu, maana zamu ni yangu.

Nilijua ni nani kabla hajafunga mdomo. Nikamfuata Dative stoo. Hakukana.

"Ni miye, dada Kowsar. Nilibapa mbolea kidogo tu. Njaa naijua. Siwezi iangalia."

Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia mwani hauna tumbo. Akasema ana watoto wawili na kazi ni hii tu, akasubiri. Nikatoka.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa saba na nusu, kantini. Kwa hasira sijatia kitu tumboni tangu jana. Mtu mzima kuonea huruma uchafu wa kijani! Jina lake nimeshaliandika kwenye fomu, imebaki kuipeleka juu kwa Rupesh. Hajui.

Dative kaja sasa hivi, la kazi hakulitaja. Kanisogezea bakuli la ugali na sombe, kisamvu cha kwao, kasema hamna nyama, kwa ajili yangu Mwislamu, kisha karudi kufagia. Sombe yenyewe chumvi imezidi.

Nimekula yote. Rupesh anashuka ngazi, ananiita, na fomu iko chini ya bakuli.