Randa ya Vidole Vitatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina analojulikana nalo: Fundi Pilipili
Umri: miaka 56
Kazi: seremala
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya ghala la mbao, chumba cha pili
Yameandikwa kituoni tarehe 11, saa nne na dakika kumi asubuhi

Afande, nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Naomba uandike kama ninavyosema, hata pale panaponiaibisha.

Kila Jumamosi asubuhi huenda soko la vyuma chakavu kutafuta vifaa vya mkono vya zamani: patasi, misumeno, randa za kulainishia mbao. Natoa kutu, nanoa, nabadilisha mipini, kisha navifanyia kazi. Vya dukani siku hizi havishiki makali. Muuzaji wangu ni mmoja, tunamwita Kutu, tumejuana miaka kumi na miwili. Alikuwa akinitania kwamba mke wangu akinichoka nitaoa msumeno.

Mnamo tarehe 9, saa tatu na robo asubuhi, nilifika kwenye turubai lake. Katikati alikuwa ameweka randa ya mbao, imepakwa mafuta, kisu kimenolewa. Nilipoishika, vidole vyangu havikukaa. Mpini ule umechongwa kutoshea mkono wa vidole vitatu. Niliujua kwa sababu niliuchonga mimi, kwa ajili ya kaka yangu, mwaka ule mashine ilipomkata viwili.

Kaka ndiye aliyenifundisha kazi. Sisi tuliolelewa karakana moja, kifaa cha mtu hakitoki mkononi mwake akiwa hai. Kinarithiwa. Anayekigawa mapema tunasema anajichimbia kaburi. Kwa hiyo lilinijia jambo moja tu, kwamba kaka ameibiwa.

Nilimuuliza Kutu ameipata wapi. Akatabasamu. "Fundi, ichukue tu. Ni yako hiyo." Nikamuuliza tena. Akasema, "Hilo siwezi kukwambia. Nimeahidi." Nikamkamata shati. Wanaoniita Pilipili hawanionei. Nikasema, "Mwizi." Nilisema kwa sauti.

Afande, najua neno hilo linafanya nini sokoni. Watu walifika kabla sijaachia shati. Sikumpiga hata kofi, lakini andika kwamba nilikuwa bado nimemshika alipopigwa la kwanza. Aliniangalia mimi, hakuwaangalia wao. Nikaanza kuwaambia waache, basi, inatosha. Hakuna aliyenisikiliza. Askari wenu walifika saa tatu na dakika arobaini, wakampeleka hospitali na randa wakaichukua.

Saa tano kasoro robo nilikuwa kwa kaka. Nilimkuta amekaa mlangoni. Nikamwambia, "Kaka, randa yako imepatikana. Mwizi amekamatwa." Akasema, "Mwizi gani, mdogo wangu? Nilimpelekea mwenyewe."

Akanieleza kwamba tangu mvua zilizopita macho yake hayaoni mstari wa penseli. Hakutaka kunikabidhi randa mkononi, maana ingekuwa kuniambia kazi imemwisha. Aliona afadhali niikute sokoni, kwa kuwa Jumamosi hazinipiti. Alimwomba Kutu ainoe, aiweke katikati, amzuie mteja mwingine yeyote, na akamwapisha asimtaje. "Nilidhani ukiushika mpini utaelewa," kaka alisema. "Uichukue, tusizungumze tena."

Mimi niliushika mpini nikaelewa kinyume. Hasira hasara, nimewaambia wengine maisha yangu yote.

Jana, tarehe 10, nilikwenda hospitali. Kutu alifariki saa kumi jioni bila kuzinduka. Mkewe alikuwa kwenye benchi la korido. Alinishika mikono miwili akanishukuru kwa kuja. Alisema, "Shemeji, mume wangu alikuwa akikutaja sana. Kuna kitu alikuwa anakuwekea, wiki nzima alikuwa anakinoa." Sikuweza kumwambia. Inaniuma, Afande, na sijui itaishia wapi.

Kaka anajua kwamba Kutu alilazwa, ila bado hajui kwamba amefariki. Leo asubuhi ameniuliza Kutu anaendeleaje. Nimemjibu kwamba amepumzika.

Yule mtu hakuiba. Alitunza siri ya kaka yangu mpaka mwisho. Nimeyasema niliyoyaona na niliyoyatenda, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kukiri ni yake. Alionyeshwa randa, kielelezo namba 1, ili aitambue. Ameitambua kwa macho. Amekataa kuishika. Ameomba kaka yake aelezwe na mtu mwingine. Amebakizwa kituoni.