Upepo wa Tairi Pana

Kaka, nimeumbuka. Mbele ya mama mkwe, kaka!

Zile tairi pana za nyuma nilizijaza upepo hadi ile namba iliyoandikwa ubavuni. Kumbe ile ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari langu!

Njiani mama mkwe akauliza, "Mbona linadunda hivi?" Nikamjibu kwa madaha, "Gari lenye nguvu linataka tairi ngumu, mama." Ngumu! Mdomo wangu huu!

Kwenye kona nikakanyaga mafuta kidogo tu. Nyuma ikateleza, gari likazunguka, tukajikuta tunatazama tulikotoka. Mama kaukumbatia mkoba.

Tumefika nyumbani, hajanigombeza. Kamwambia tu mke wangu, nami nimesimama pale pale: "Kesho wajukuu zangu wataenda shule kwa miguu."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."