Nilivyochuchumaa Mbele ya Mkwe

Mama Akinyi, Nyar Nam wangu, binti wa ziwa,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwetu Suna, kwenye baraza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza: "Mwalimu, uko wapi, na ng'ombe wako na nani?" Niko nyumbani. Nilirudi juzi, na kutoka langoni hadi mlangoni nilitembea mwenyewe. Habari yote ni hiyo. Lakini unanijua, nilifundisha sayansi hadi kustaafu na siwezi kutoa jibu bila kuonyesha njia.

Tulipokuzika magoti yangu yaligoma. Hata ulipokuwa hai uliniona nikishuka ngazi za kanisa kwa ubavu, kama kaa wa mtoni, ukanicheka. Mvua zilipoanza mambo yakazidi. Sikuweza tena kutumia choo chetu cha shimo. Nisamehe kwa kukitaja, ila sioni cha kukuficha wewe. Nilikuwa nikichuchumaa, siinuki. Siku moja jirani yetu Mzee Marwa ndiye aliyenitoa mle, na kwa heshima yake aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa njia nzima ili asisikie nikiguna.

Akinyi alipopata habari alikuja na gari. "Baba, twende Homa Bay, hospitali iko karibu." Mila unaijua: baba halali katika nyumba ya binti aliyeolewa. Kwa hiyo akanipangishia chumba ng'ambo ya barabara, ananiletea chakula mwenyewe. Chumba kizuri, choo cha kukalia, bomba ndani. Nilikichukia. Kila asubuhi nilifungua macho nikaona ukuta wa watu, nikawaza kwamba huenda nitarudi kwetu, na kwako hapo upande wa kushoto wa nyumba, nikiwa ndani ya sanduku. Nilipomwambia Akinyi nataka kurudi, alinijibu kwa sauti yako kabisa: "Siku utakayochuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta, baba, nitakurudisha mwenyewe. Kabla ya hapo usinitajie Suna."

Daktari wa viungo aliyaminya magoti yangu, akayakunja, akasikiliza yanavyolia. Kisha akasema niende nikaogelee.

Nilicheka hadi akadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekukumbuka ile siku ya kwanza uliponipeleka kwenu, ulivyojitupa ziwani ukalala chali juu ya maji kama mtu aliye kitandani, nami nimesimama ufukweni nimeshika viatu mkononi. "Njoo, Mwalimu!" ukaniita. "Unawafundisha watoto darasani jinsi vitu vinavyoelea, na maji yakikufika kwenye kifundo unaita mama yako!" Umeniita hivyo miaka yote. Sikuja.

Ziwani daktari alinikataza, kwa sababu ya kichocho na viboko. Nikaenda kwenye bwawa la hoteli moja pale mjini. Mwalimu wangu ni binti Mkuria anayeitwa Boke, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Mzee, wacha kukaza shingo! Maji si mwanafunzi wako, hayatakuogopa!" Alinipa ubao wa kushikilia, nikaulalia na kupiga miguu iliyonyooka. Kupiga miguu kama chura alinikataza, maana kunayapinda magoti vibaya.

Sasa nivumilie nikueleze, maana hukupenda kuelezwa na sasa huwezi kuondoka. Maji yakikufika kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wako. Goti linakunjwa na kukunjuliwa bila mzigo juu yake. Na goti linahitaji kukunjwa: lile gegedu laini kati ya mifupa halina mishipa ya damu, hulishwa na majimaji yaliyomo ndani ya kiungo, na mwendo ndio unaoyasukuma. Mimi kwa kuogopa maumivu nilikuwa nikikaa kitini mchana kutwa, naliacha goti langu na njaa. Maji hayaponyi ugonjwa huu, daktari alilisema wazi. Ila misuli ya paja hupata nguvu, na misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti. Hilo nililijua ubaoni kwa miaka mingi. Sikuwa nimeliingiza mwilini.

Lakini kuchuchumaa nilikuwa bado naogopa. Boke akisema "shuka," nakunja kidogo na kusimama.

Sasa sikia. Asubuhi moja nimo bwawani peke yangu, upande wa kina kifupi, kifua wazi, kaptura ile Akinyi aliyoninunulia yenye maua mekundu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Ouma.

Mama Ouma, mkwe wetu! Mama mzazi wa mume wa Akinyi, mtu ambaye hata kula mbele yake nilikuwa nageuka upande! Naye alikuwa ameambiwa na daktari yuleyule kuhusu nyonga yake.

Nilishuka. Sikufikiri, nilishuka tu majini hadi kidevuni. Yeye akageuka akaupa uso ukuta.

"Mkwe, hamjambo huko?" akauambia ukuta.

"Hatujambo, mkwe. Na nyumbani?"

"Wazima. Mkwe, maji yakoje?"

"Ni mazuri, mkwe. Yana uvuguvugu."

Mimi siwezi kutoka na kaptura ile. Yeye anaona kuondoka ni kunidharau. Tukaulizana habari za mahindi, za ng'ombe, za kila mjukuu kwa jina. Nikichoka nainuka kidogo, akikohoa nashuka tena haraka. Karibu saa nzima, Nyar Nam, hadi Boke alipotokea na taulo. "Nyinyi wazee mnaogopana au mnaogopa maji?" Akanifunika, akanitoa, Mama Ouma bado anauangalia ukuta.

Nikiwa kwenye kiti ndipo Boke akaniuliza, "Mzee, kwani maji ya pale yanakufika wapi?"

"Kifuani."

"Na wewe ulikuwa umezama hadi kidevuni. Ulikuwa umekaa juu ya nini?"

Sikuwa nimekaa juu ya kitu. Nilikuwa nimechuchumaa, na kuinuka, na kuchuchumaa tena, saa nzima, na aibu haikunipa nafasi ya kuogopa maumivu.

Tangu hapo tuligawana siku. Mama Ouma anachukua Jumanne na Alhamisi, mimi Jumatatu na Jumatano, na hutumiana salamu kupitia kwa Boke. "Mwambie mkwe asimalize maji," alinitumia mara ya kwanza. Nilimjibu kwamba nimembakishia ya upande wa kina.

Juzi asubuhi nilimwita Akinyi chumbani kwangu. Mara ya kwanza nilishika ukuta. Mara ya pili nilishika mkono wake. Mara ya tatu mikono yangu niliiweka kichwani kama mwanafunzi mtukutu, nikashuka, nikapanda. Akaanza kulia, kisha akaenda kutafuta funguo za gari.

Jana nilichuchumaa kando yako nikang'oa magugu. Nilikuwa na furaha mno, na pia nilikuwa... basi, unajua.

Kila Jumatatu nitakuwa naenda Homa Bay na kurudi. Nimeshapita ubao, lakini kulala chali bado. Nikitoa miguu chini nakuona wewe umelala juu ya ziwa, moyo unanipasuka, nazama. Nakuahidi nitajifunza. Nitalala chali kama ulivyolala, na safari hii ukiniita, nitakuwa tayari nimo majini.

Kwa sasa pumzika, mke wangu. Barua hii nimeiandika nimekalia kile kigoda chako kifupi cha jikoni, ambacho sikukikalia miaka sita. Karatasi naikunja. Sasa nainuka. Mikono kichwani. Tazama.

Mwalimu wako