Mwanga wa Dirisha la Mama: Kikao cha Mipangilio ya Kamera

CHAMA CHA WAPIGA PICHA WENYE KAMERA MOJA
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 14, sebuleni kwa Katibu

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu
Mtunza Kamera, kinyozi
Katibu, fundi cherehani, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Mwalikwa: Mama yake Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mpiga picha za pasipoti. Hakutoa udhuru, ila alionekana akipita dirishani mara mbili.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:20 jioni, baada ya kumaliza chai. Alikumbusha kanuni ya sita: kamera haiguswi mpaka mipangilio yote ikubaliwe kwa kauli moja.

KUMB. NA. 2/14: YATOKANAYO
Katibu alieleza kwamba picha aliyopigwa Mama kwa flashi mwezi uliopita haikupokelewa vizuri. Mama aliisogeza hadi puani, akasema, "Huyu ni mimi? Mbona kama nimefumaniwa naiba sukari?" Mwenyekiti alisema flashi ilitumika kwa mujibu wa kadi ya mipangilio. Mtunza Kamera alisema kadi aliiandika Mwenyekiti. Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe.

KUMB. NA. 3/14: MACHO YA MAMA
Katibu aliarifu kwamba, kwa maneno ya daktari, macho ya Mama hayatafika mwisho wa mwaka. Hata sasa nyuso anazijua kwa sauti. Anataka picha moja tu, yeye na bintiye, yaani Katibu, katika mwanga aupendao: ule wa saa kumi na moja, unaopenya pazia na kujilaza juu ya cherehani kama paka aliyeshiba.

KUMB. NA. 4/14: MIPANGILIO
Mwenyekiti alipendekeza ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, isizidi 800, picha isije ikajaa chenga, na tundu la lenzi libanwe hadi f/8. Mtunza Kamera alijibu kwamba shata, kile kifuniko kinachopitisha mwanga, ingekaa wazi nusu sekunde. "Mzee, kwa kasi hiyo Mama akipumua tu tumemkosa." Alitaka ISO 3200 na tundu lifunguliwe hadi f/1.8, na rangi iwekwe kwenye alama ya kivuli ili ile dhahabu ya jioni isioshwe.

Mwenyekiti alisema chenga ni chenga. Alikumbusha pia ni nani aliyemfundisha nani kushika kamera. Mjadala ulichukua saa nzima na ushee. Katibu anakiri hakusikiliza yote. Alikuwa akiutazama mwanga ukishuka kwenye cherehani, ukipanda ukutani, ukiwa rangi ya chai, kisha ukitoka bila kuaga.

Mama aliomba nafasi. "Wanangu, jua halingoji kauli moja."

KUMB. NA. 5/14: KUVUNJWA KWA KANUNI YA SITA
Mtunza Kamera aliichukua kamera bila kura, akapandisha ISO hadi 12800, akamkabidhi Mama. Alimweleza kwamba kamera hii haina kioo ndani. Ukichungulia unaona kiskrini kinachoonyesha picha itakavyotoka kabla hujaipiga, hivyo penye giza huona kuliko jicho. Alizungusha kigurudumu cha pembeni, cha kulinganisha kiskrini na jicho, mpaka Mama akasema, "Hapo."

Mama alizunguka chumba polepole. Cherehani. Pazia. Mwenyekiti ("Umenenepa, baba"). Kisha akamfikia Katibu, akatulia.

"Kumbe una mvi," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Akabonyeza. Katibu alitoka nje. Kwa dakika nne hakuna kilichoandikwa.

KUMB. NA. 6/14: MAAZIMIO
Picha ilitazamwa. Imetikisika kidogo, na Mama hayumo. Mama alisema imetosha, yeye sura yake anaijua.

Mwenyekiti alisema chenga zipo. Kisha akaomba kalamu, akaandika kwenye kadi kwa mkono wake: "Jioni, dirishani: ISO 12800, f/1.8, shata 1/60. Chenga ziachwe."

Iliazimiwa kamera ibaki kwa Mama mpaka atakapoirudisha mwenyewe. Kauli ilikuwa moja.

KUFUNGA
Kikao kilipaswa kufungwa saa 12:30. Mama aliomba achungulie tena kwenye kamera, kikafungwa saa 1:05.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu, mwenye mvi: (sahihi)