Mjomba wa Gabrieli Kaniamkia Mimi

Shosti Nalini, nimeitikia MARAHABA! Mimi! Kwa mjomba wake mchumba wangu Gabrieli!

Tuko kambini huku nyikani Gairo, vumbi na miiba tu, kikundi chote cha maigizo cha chuo. Tunafanya mazoezi ya ule mchezo wa enzi za Mjerumani, na mimi ndiye bwana mkubwa. Kofia, buti, masharubu ya masizi.

Akatokea mzee na jogoo kwapani. Nikajua ni mwigizaji, maana Felista wa kikundi chetu alisema ataleta wazee wa kijijini watusaidie.

Nikamfokea, "We mzee, kodi iko wapi? Kaa chini!"

Nalini, akakaa. Kwenye vumbi. Akasema, "Shikamoo, bwana mkubwa."

Nikasema marahaba. Na jogoo nikamchukua.

Ndipo akauliza taratibu, "Namtafuta mchumba wa mpwa wangu Gabrieli. Nataka nimwone kabla sijapeleka posa kwao."

Na kwa Waluguru mjomba akikataa hakuna ndoa, unajua. Nikapiga magoti na buti zangu. "Shikamoo, mjomba." Hakuitikia. Anayaangalia masharubu tu.

Akasimama, akajipangusa. "Gabrieli tangu mdogo hakuna aliyeweza kumkalisha chini. Wewe umenikalisha mimi."

Akageuka kuondoka.

"Kesho uje nyumbani, bibi yake naye akuone."

Sijui nimekubaliwa au naenda kushtakiwa. Jogoo hakumdai. Kesho nikitoka kwao nakusimulia kama bado nina mchumba.