Alama za Saa Zilizohama na Viazi Vilivyoungua

Shangazi Ngendo,

Usiku wa Jumanne iliyopita baridi iliunguza viazi vya majirani zangu hapa Naro Moru, na kulipokucha mimi nilikuwa nimepoteza jina nililojijengea. Nisaidie.

Mimi huuza mbegu za viazi, shule niliiachia njiani lakini hesabu haijawahi kunishinda, na kuandika programu nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwa simu, halafu kwa kompyuta kuukuu niliyopata Kiganjo, mpaka nikaweza kuchorea kikundi chetu cha wakulima grafu ya utabiri wa baridi ya usiku, mstari unaoshuka kuanzia saa kumi na mbili jioni, na pale unapogusa sifuri unatazama chini usome ni saa ngapi, ufungulie maji yanyunyizie majani kabla hayajaganda. Zile alama za saa kule chini nilizipanga mimi, kila baada ya saa tatu, nikaziandika vile sisi husema, saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, kwa sababu programu ikiachwa ijipangie huweka tarakimu tupu ambazo jirani yangu Mama Njoki hawezi kujua ni za nini.

Jumanne nilipeleka mbegu mjini Kenol, nikamwachia Kahiga kazi ya kutuma. Kahiga, si jina lake halisi, ni katibu wa kikundi, na ndiye anayeniletea ruracio, mahari yetu, mwezi ujao. Akafungua programu, akaona mistari miwili inayotaja alama, mmoja wa kuziweka mahali pake na mwingine wa kuzipa majina, akasema huku ni kurudia kitu kimoja, akafuta ule wa mahali. Basi programu ikajiwekea alama zake kila baada ya saa mbili, majina yangu yakajipanga juu yake moja baada ya jingine, na baridi ya saa nane usiku ikasomeka ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Chini ya grafu, jina langu. Watu wakatega simu ziwaamshe saa kumi alfajiri. Walipotoka, majani yalikuwa yanavunjika kama biskuti.

Mzee Ngatia wa kikundi chetu alinisimamisha mkutanoni mbele ya wote. "Ati kompyuta! Imelala kutushinda sisi!" Wakacheka, isipokuwa Mama Njoki, ambaye sasa hanijibu salamu. Kahiga alikuwa hapo hapo akiandika kumbukumbu za mkutano, kichwa chini. Nilipomuuliza baadaye, hakukana.

"Watiri, wewe wanakupenda, watasahau. Mimi nikianguka sasa, wazee wenu watanipokea aje?"

"Na mimi nikianguka?"

"Wewe umezoea kuinuka."

Jumamosi kikundi kinaamua kama grafu itaendelea. Nikinyamaza, tutarudi kubahatisha na jina langu litazikwa. Nikisema, nimemwaibisha mume kabla hajawa mume. Nifanye nini?

Watiri, Naro Moru

Watiri mwanangu,

Pole kwa viazi, na pole zaidi kwa hilo la "umezoea kuinuka". Mtu akijiinua mwenyewe, hajajitolea kuwa ngazi ya wengine.

Kosa la kwanza la Kahiga mimi namsamehe. Aling'oa vigingi vya mpaka akabakiza majina ya wenye mashamba, akadhani shamba bado limepimwa. Mgeni yeyote wa kazi hiyo angeweza kulifanya. La pili ndilo linaloniuma: kukaa kitini akiandika lawama zako kwa mkono wake mwenyewe. Hapo kompyuta haina kosa.

Na wewe nawe! Grafu yenye jina lako ilitokaje bila jicho lako? Kenol hakuna mtandao? Ungeitazama tu ungeona alama mbili za mwisho hazina jina, na ungepiga simu hapo hapo. Kuanzia leo, hakuna kinachotumwa kabla mtu wa pili hajachagua alama moja ya saa kwenye grafu na kuilinganisha na namba zenyewe za utabiri.

Kesho nenda kwa Mama Njoki. Usijitetee, shika jembe umsaidie kung'oa viazi vilivyoungua. Jumamosi peleka grafu mbili za usiku ule ule, iliyoharibika na iliyo sawa, uwape wazee wasome wenyewe. Mzee Ngatia akisoma saa nane kwa mdomo wake, kicheko kitaisha.

Unaogopa kumwaibisha. Binti yangu, asiyeweza kusimama mbele ya Mzee Ngatia kwa ajili ya viazi, atasimama mbele ya baba yako kwa ajili yako? Lakini mpe nafasi, maana woga si uovu, na wengi hupona wakisukumwa kidogo. Usimpigie kelele, usilie. Mketishe leo umwambie hivi: "Kahiga, Jumamosi utasema wewe, au niseme mimi? Nataka neno moja, wewe au mimi, kabla ya kesho saa kumi jioni. Ukinyamaza, wazee wetu wasijisumbue kupikia ruracio."

Ngendo